Machela Iko kwa Nani?

Mama yangu alikuwa na swali moja la alfajiri. "Umevaa sweta?" Aliliuliza akiwa kitandani, chumba chake kikiwa giza, na mimi nimesimama sebuleni nikihangaika na zipu ya begi. "Nimevaa, mama. Shikamoo." "Marahaba, baba. Nenda pole pole." Nikafungua mlango nikatoka. Jioni ilikuwa "Umekula?" na "Nimekula," ingawa mara nyingi chakula chenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nakifunua. Ukijumlisha hayo, umepata karibu kila kitu tulichozungumza siku za kazi kwa miaka sita, watu wawili tunaoishi nyumba moja.

Nyumba yetu iko juu ya Lukozi, kwenye ubavu wa mlima ambako hata pikipiki haipandi. Kuna njia ya miguu tu, inayozunguka kati ya mashamba ya viazi na kabichi, yenye kona nyingi na korongo upande mmoja. Niliishuka kwa tochi, dakika arobaini kukiwa kukavu, saa nzima mvua ikinyesha, mpaka barabarani, ambako pikipiki yangu ilikuwa ikilala bandani kwa seremala mmoja. Hapo nilipanda, nikapita kijiji cha Malindi, nikaingia msitu wa Magamba, nikateremka mpaka Lushoto mjini. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja pale. Kazi yangu ni kujua kila faili liko wapi: likitoka kabatini niandike limekwenda mezani kwa nani, na likiulizwa nijibu bila kukuna kichwa. Kwa hilo nasifiwa, na sitajifanya kwamba sipendi kusifiwa.

Kwenda ilinichukua masaa mawili na ushee. Kurudi yalikuwa matatu, kwa sababu ya ule mlima. Niliondoka saa kumi na nusu alfajiri, nikarudi saa moja na nusu au saa mbili jioni, na masika nilifika nimelowa mpaka soksi. Masika ya mwaka huu, upande wa nyuma wa jiko letu, chini ya upenu, kulikuwa na miti miwili mirefu imelazwa juu ya vigingi. Nilidhani mama ameiweka kwa ajili ya kupandishia maharage. Nilitundika koti langu la mvua pale, likakesha likidondosha maji, na alfajiri nikalichukua bila hata kumulika. Palikuwa mahali pazuri pa koti, na niliwahi kujipongeza kwa kupagundua.

Mwenzangu mmoja ofisini amepanga chumba nyuma ya soko. Anakuja kazini chai bado ina moto tumboni, mchana anarudi kujinyoosha kidogo, jioni anacheza bao mpaka achoke. Siku moja aliniambia amechoshwa na huku kwenda na kurudi kila siku. Nilimtazama, nikaenda kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa, maana ningebaki pale ningemtukana. Na watu wa kanisani nao walikuwa wananiuliza habari za mke. Mke unamtafuta saa ngapi? Saa ninazotoka mimi watu wamelala, na saa ninazorudi nilikuwa sina sura ya kumwonyesha mtu.

Lakini uchovu si kitu, mtu analala unaisha. Kilichokuwa kinanila ni hofu. Msitu wa Magamba asubuhi una ukungu ambao taa ya pikipiki haiutoboi. Inaumulika tu, mbele ya macho pakabaki ukuta mweupe. Unakwenda kwa kuutazama ukingo wa barabara kushoto kwako, sikio umelitega nyuma, kwa sababu malori ya mboga yanateremka na kabichi zao na madereva wana haraka na soko. Niliogopa kila kona. Niliogopa mahali ambapo mvua ilikuwa imekwisha kumega barabara, na niliogopa zaidi mahali ambapo ilikuwa haijamega bado. Mara moja niliteleza kwenye tope, nikaangukia mtaroni, na lori likapita palepale nilipokuwa. Nilikaa mtaroni mpaka mlio wa lori ukapotea. Juu yangu mbega walikuwa wananguruma kama kawaida yao ya asubuhi. Kisha nikainuka, nikaenda kazini, nikafungua masijala kwa wakati.

Mama sikumwambia. Suruali iliyochanika goti niliificha chini ya godoro, nikakusudia kuishona mwenyewe Jumapili. Jumapili ilipofika niliikuta imefuliwa na kushonwa, imekunjwa juu ya kiti. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza kitu. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kila mmoja anamficha mwenzake kile kinachomtisha.

Mimi nilichokuwa nakificha zaidi ya msitu ni hofu ya simu. Ndani ya Magamba kuna mahali mtandao haushiki. Kila nilipotokea upande wa pili, simu ikashika na kuanza kutikisika mfukoni, nilisimamisha pikipiki kwanza ndipo niitazame. Mama alikuwa na kifua, cha siku nyingi, kinachokuja na baridi na kuondoka kinapotaka. Mchana kutwa alikuwa peke yake. Dada yangu ameolewa Korogwe, baba alikwisha kufariki, na mimi nilikuwa mbali naye kwa masaa matatu, nimekaa katikati ya makabati nikijua mafaili ya watu wote yaliko. Mara nyingi ilikuwa ni ujumbe wa matangazo tu. Niliufuta, nikafuta na jasho.

Na hata kama ningepigiwa, ningefanya nini? Hapa lazima nieleze habari ya machela. Kule kwetu mlimani, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa mpaka barabarani. Machela yetu ni fito mbili nene za mti wa mwati, katikati gunia zito lililoshonwa, na kamba za katani. Wanaibeba wanaume wanane, wanne wanne kwa kupokezana. Haina stoo wala mlinzi. Hukaa kwa aliyebebwa mwisho. Wenye nyumba hiyo hufua gunia na kulihifadhi ndani, fito wanaziweka mahali pakavu, na hapo zinakaa mpaka augue mwingine. Akiugua, mtu wake anakwenda kuifuata bila kuuliza, kwa sababu kila mtu anajua nani alibebwa mwisho. Baba alibebwa nikiwa kidato cha pili. Alishuka kwa machela, akarudi ndani ya sanduku, na machela ikakaa kwetu miezi miwili baada ya maziko. Nilikuwa naipita nikigeuza uso.

Anayebeba ni yule mwenye bega aliyepo. Na mimi nilikuwa sipo. Kwa miaka sita sikuwahi kumbeba mtu, wala kuchimba kaburi, wala kukaa matangani zaidi ya nusu saa ya Jumapili. Habari za waliozikwa kule bondeni nilizipata kwa kusikia tu, tena nimechelewa. Kulikuwa na bwana mmoja wa bonde la pili ambaye naye alikuwa mtu wa kuondoka alfajiri, ana duka mbali. Mkewe alipozidiwa, filimbi ikapigwa kama inavyopigwa kwa kila mtu. Hakuna aliyekataa kuja. Walichelewa tu. Mmoja alimalizia uji wake, mwingine alitafuta buti, mwingine alimfunga mbuzi kwanza. Yule mama alifika barabarani jua liko utosini, na hakurudi mlimani akiwa hai. Hadithi hiyo nilihadithiwa mlangoni mwa kanisa na mtu aliyekuwa anatabasamu, na tangu siku hiyo nilikuwa naiota nikiwa macho, juu ya pikipiki, katikati ya ukungu.

Kila Jumamosi wanaume walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuichonga ile njia yetu, kona moja baada ya nyingine, wakiipanua ili machela igeuke bila watu kutumbukia korongoni. Jumamosi mimi nilikuwa kazini mpaka mchana. Kwa hiyo nilinunua mikate mjini na sukari, nikampa mama apeleke. Niliona nimefanya jambo la maana. Jumapili moja, mjumbe wetu, mzee mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa, akanisimamisha tunapotoka ibadani.

"Mikate tumeila, ahsante," akasema. "Lakini ile kona ya jiwe haikuona mkate. Inataka sururu."

"Jumamosi ijayo, mzee."

"Haya. Kona haina haraka."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ingawa nilikuwa najua kwamba Jumamosi ijayo sitakuja, naye alijua. Nilishawahi kumwambia mama tuhamie mjini. "Nikakae Lushoto nimtazame nani?" aliniuliza. "Huku nikikohoa tu mtu anachungulia. Huko nitakohoa, nani atajua ni mimi?" Nilikuwa nimechagua kulala kwetu kwa ajili yake, na huko kulala kwetu ndiko kulikokuwa kunanimalizia muda wa kuwa naye.

Alfajiri moja ya masika nilifunga zipu ya begi na swali halikuja.

Nikangoja. Nikaifungua zipu, nikaifunga tena kwa kelele zaidi. Nakiri jambo hapa: kabla ya kuogopa, nilitazama saa. Niliona nimeshachelewa kidogo, nikawaza kwamba amelala, nikafikia hata kushika komeo la mlango. Ndipo nikasikia pumzi yake. Ilikuwa inavutwa kwa shida, inakatika, inaanza upya. Niliingia na tochi. Mama alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mkono kifuani, macho yamemtoka, midomo imepauka. Akaniambia kwa Kishambaa niende zangu kazini, itapita. Maneno hayo machache yalimchukua muda mrefu kuyamaliza.

Nilitoka mbio. Kulikuwa bado giza, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, na sikuiona nyumba ya jirani mpaka nilipogusa mlango wake. Jirani ni mama mjane, rika la mama yangu. Alifungua akiwa ameshika kibatari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama hajiwezi. Machela iko kwa nani?"

Aliinua kibatari akanimulika usoni, kana kwamba anataka kuhakikisha ni mimi.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, mama. Iko kwa nani?"

"Nenda kwa mjumbe," akasema. Alikuwa anajifunga kanga ya pili, ameshanipita, anaelekea kwetu.

Nilibaki peke yangu pale mlangoni. Nikajisemea, ndiyo imeanza. Hawakatai, wanachelewa tu. Kila nyumba itanituma nyumba nyingine mpaka jua lifike utosini. Nilikimbia kwa mjumbe nikaanguka mara mbili kwenye tope, na kila nilipoinuka nilikuwa naisikia ile pumzi masikioni ingawa nilikuwa mbali nayo. Kijiji kizima kilijua jibu la swali langu. Mtoto wa darasa la kwanza angejua. Mimi, ambaye kwa mafaili ya watu nisiowajua nasifiwa, nilikuwa nakimbia kwenye ukungu kutafuta fito mbili.

Mjumbe alikuwa anakamua ng'ombe. Alinisikiliza, akaisogeza ndoo mbali na miguu ya ng'ombe, akavaa buti zake. Moja, kisha nyingine. Nilitaka kulia.

"Machela iko kwa nani, mzee? Niambie niifuate, miguu ninayo."

Alitoa filimbi iliyokuwa shingoni mwake akapiga mara tatu, akasikiliza, akapiga tena mara tatu. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwetu.

"Mzee, machela kwanza!"

"Twende, nimesema."

Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima maishani mwangu, lakini asubuhi ile nilibakiza kidogo sana. Nilimfuata meno yameumana. Tulipofika hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama chini ya upenu, akalitoa koti langu la mvua juu ya ile miti miwili, akalikung'uta maji, akanipa.

"Shika koti lako," akasema.

Akaziteremsha fito. Zilikuwa zimelowa sehemu moja tu, katikati, pale lilipokuwa likikaa koti. Zile kamba za katani zilikuwa zimezungushwa vizuri kwenye ncha, na ningeziona siku yoyote kama ningeinua tochi.

"Alibebwa lini?" nikauliza.

"Mara ya kwanza kabla ya mvua. Mara ya pili wiki tatu hizi. Ulikuwa kazini. Kabla hujarudi tulikuwa tumekwisha kumrudisha kitandani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alituapisha. Alisema ukipigiwa simu utakuja mbio na lile pikipiki kwenye ukungu, yeye apone halafu akuzike wewe." Akaniangalia mara moja tu. "Ile suruali alituonyesha."

Kulikuwa kunaanza kupambazuka, na wanaume walikuwa wanatokea kwenye ukungu. Mmoja hakuwa na viatu. Mwingine alikuwa na mswaki mdomoni, akautema alipoona machela iko chini. Sikuhesabu dakika, lakini najua kuzihesabu dakika kuliko wote waliokuwa pale, na nasema kwamba hawakuchelewa. Hofu yangu ya miaka yote ilikuwa ya bure, na sikupata hata nafasi ya kushukuru, kwa sababu nilianza kuelewa wamekuja kwa nini. Walikuja kwa ajili yake. Kila msaragambo aliwapikia makande na kuyapeleka mwenyewe mpaka walipokuwa wakichonga. Kila msiba aliingia jikoni wa kwanza. Alikuwa anaijaza nafasi yangu, kwa kifua kile, kwenye njia ile, na ile mikate yangu kichwani.

Jirani alitoka na lile gunia lililofuliwa. Alijua lilikokuwa, ndani ya nyumba yetu. Tukamlaza mama, tukamfunika mablanketi mawili, na mimi nikashika fito mbele.

"Hapana," mjumbe akaniambia, tena kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko yale maneno ya kanisani. "Hujui zile kona kwa mguu bila macho. Leo hakuonekani. Chukua viatu vyake, ufuate nyuma."

Basi nilishuka mlima nyuma ya mama yangu nimebeba raba zake na chupa ya chai. Walikuwa wanakwenda haraka, hawaangalii chini. Wa mbele anasema "Kona," wa nyuma wanajibu "Kona," na machela inageuka. Niliogopa mno. Mguu mmoja ukikosea, wote wanne wanaingia korongoni na yeye ndani ya gunia. Kwenye kona ya jiwe nilisimama, maana naikumbuka ilivyokuwa nyembamba. Waligeuka bila kupunguza mwendo. Jiwe lilikuwa limepasuliwa, pamesambazwa kokoto, pana kama uwanja wa nyumba. Nilikuwa nimepita hapo asubuhi na jioni kwa miezi, na nilichogundua mimi ni kwamba siku hizi nafika chini mapema kwa dakika kadhaa. Nilidhani ni miguu yangu imezoea.

Zahanati ya barabarani walimpokea mara moja, wakamwekea hewa, wakampa dawa. Nesi alifungua daftari lake la mahudhurio bila kuuliza jina. Alimfahamu. Alipomaliza akanigeukia mimi, nimesimama pale nimekumbatia raba zenye tope.

"Wewe ni nani yake?"

"Mwanawe."

"Yule wa Lushoto?" akasema, na uso wake ukafurahi. "Ametuambia habari zako. Afadhali umepata nafasi ya kuja."

"Naishi naye," nikasema.

Yule nesi alinitazama, akatazama viatu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mama alikaa pale siku nne. Alirudi kwa machela, na sasa ana dawa za kila siku ambazo nazipanga kwenye vikopo kabla sijatoka. Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikaomba niachiwe Jumamosi. Alikuna kidevu, akakubali, kwa sharti kwamba jioni nikae zaidi. Kwa hiyo nimeokoa upande mmoja nikapoteza upande mwingine. Naendelea kupita Magamba, malori yanaendelea kuja nyuma yangu. Sikuhama na yeye hakuhama. Lile swali la alfajiri limerudi, lakini kati ya zipu na swali nabana pumzi, na kuna siku anakawia kidogo na mimi naona nyota. Koti sasa nalitundika mlangoni. Kabla ya kutoka nazunguka nyuma ya jiko na tochi, nazimulika zile fito mbili, kisha ndiyo nashuka.

Halafu jioni moja nikakuta hazipo.

Mkuu alikuwa amesafiri, nikawahi kutoka, nikafika nyumbani kabla jua halijazama kabisa. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Nilizunguka nyuma ya jiko kama nilivyojizoeza, na chini ya upenu kulikuwa na vigingi vitupu. Nilishika ukuta.

"Mama!"

"Nipo," akajibu kutoka jikoni. "Kelele za nini?"

Nilifurahi. Sitaficha hilo. Furaha ilinijaa kwamba ni mama wa mtu mwingine, na kabla haijatulia nilikwisha kuiogopa furaha yenyewe, maana nilijiona ni mtu wa namna gani. Nikauliza ni nani.

"Jirani yetu. Ameteleza kisimani, mguu umevunjika. Wamemshusha mchana." Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Yule aliyetunza lile gunia langu."

Ugali wangu ulikuwa umefunikwa mezani. Nilikuwa nimekaa barabarani masaa mawili na mlimani saa moja, na kesho yake nilitakiwa kuamka saa kumi. Jioni ya siku ya kazi kama ile, yenye mwanga, sikuwa nimeipata tangu mwaka uanze. Nililivaa lile koti, bado linadondosha maji, nikatoka.

Niliwakuta chini kidogo ya kona ya jiwe, wanapanda na machela tupu kuirudisha kwa jirani, wamechoka. Mjumbe alikuwa nyuma yao. Niliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, wakaitikia.

"Kesho unakwenda kazini?" mjumbe akaniuliza.

"Naenda, mzee."

"Basi njoo huku mbele ujifunze leo."

Kijana aliyekuwa mbele kushoto akanipisha. Machela ilikuwa nyepesi, lakini bega langu halikujua liiweke wapi ile fito. Mjumbe akaisogeza kwa mkono wake mpaka ikakaa kati ya shingo na mfupa, akanionyesha namna ya kubadilisha bega bila kusimama. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye kona. Hapo akatusimamisha, akatugeuza tuelekee chini, upande ambao mgonjwa hupelekwa.

"Fumba macho," akaniambia.

"Mzee?"

"Fumba. Siku ya mama yako huenda kukawa na ukungu, na wewe ndiye utakuwa mbele."

Nikafumba. Wenzangu wakangoja, nikasikia maji yakishuka korongoni, nikanyoosha mguu wa kushoto nikaanza kuutafuta ukingo.